UZI: Shahada za sanaa na sayansi ya jamii kwa waliomaliza kidato cha sita Tabora na Kigoma, soma kabla hujajaza

#1 Mzee wa Kwihara

Wakuu, habari za jioni. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, maswali ni yale yale kila mwaka: "nina HGL nisome nini?", "sosholojia ina ajira?", "nina S ya Kiingereza, wananichukua?" Tuyaweke hapa yote. Wa udaktari na uhandisi wana nyuzi zao. Hapa ni HGL, HKL, HGK, HGE (H ni Historia, G Jiografia, K Kiswahili, L Kiingereza, E Uchumi), pamoja na wenye tahasusi mpya za lugha na sanaa zilizoingia orodha ilipopanda hadi 65.

Alama kwanza, maana hapo ndipo watu wanapotupa hela za maombi. Kigezo cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni ufaulu wa masomo mawili ya prinsipo (alama A hadi E) yenye jumla ya pointi 4.0. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni 0.5. Kwa hiyo D na D inaingia. C na E inaingia. D na E ni 3, haiingii, na usijaribu kuijazia kwa S ya somo la tatu. General Studies haihesabiki, BAM (hesabu ya ziada) nayo si prinsipo.

Sasa sehemu ambayo watu huisoma juu juu: pointi hizo 4.0 zinatoka kwenye masomo mawili *yanayotambulisha programu unayoomba*. Si masomo yako mawili bora. Una B ya Jiografia, E ya Historia na E ya Kiingereza. Ukiomba programu inayodai Historia na Kiingereza, una pointi 2, na ile B haikusaidii kitu. Ukiomba inayokubali Jiografia na lolote kati ya hayo mawili, una 5. Mtu yule yule, cheti kile kile. Ndiyo maana mwenye alama ndogo anachaguliwa na mwenye kubwa anaachwa, halafu mtaani Isevya wanasema kuna mkono wa mtu.

Kitabu cha TCU cha vigezo vya programu ni cha bure kwenye tovuti yao na vipo viwili: cha waliotoka kidato cha sita na cha wenye diploma. Usisome cha mwenzako.

La pili ni la kwangu, mnaweza kulipinga: jina la shahada usilichague kwa kulipenda sikioni. Anzia mwisho. Fungua matangazo ya Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali) ya miezi ya nyuma, tafuta kada unayoitaka, soma pale palipoandikwa "mwenye shahada ya kwanza katika moja ya fani zifuatazo". Nakili zile fani neno kwa neno. Halafu rudi kwenye kitabu uone chuo gani kinatoa shahada yenye jina hilo. Maofisa wa usaili hawafasiri cheti chako. Fani yako ipo kwenye orodha au haipo.

#2 Dada Gungu

Asante mzee wangu. Mdogo wangu amesoma HKL. Historia D, Kiswahili C, Kiingereza S. Anataka ualimu wa Kiswahili na Kiingereza. Inawezekana?

#3 Mzee wa Kwihara

Dada, chuo ataingia: C na D ni 5. Ila Kiingereza kama somo la kufundishia asahau. Masomo mawili ya kufundishia kwenye shahada ya ualimu yanatoka kwenye prinsipo zake, na S si prinsipo. Achukue Historia na Kiswahili.

#4 Ng'wana Urambo

Nyongeza kwa waliomaliza 2014 na 2015, maana kuna watu wa miaka hiyo bado wanahangaika. Ninyi skeli yenu ni nyingine: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Kwenu kigezo ni C mbili. Ukichukua D yako ya 2015 ukaihesabu pointi 2 kama ya mtu wa mwaka huu, mfumo utakukataa na hela ya maombi hairudi.

Wa diploma: GPA (wastani wa pointi) isiyopungua 3.0, na kidato cha nne uwe na D nne au zaidi, bila kuhesabu masomo ya dini. Diploma ya ualimu wanatazama wastani wa B. Mwenye diploma anahitaji pia namba ya uhakiki (AVN) ya NACTVET, baraza la vyuo vya ufundi. Iombe mapema. Chuo chako kikichelewa kupeleka matokeo NACTVET, dirisha litafungwa wewe umekaa unasubiri namba.

#5 Kijana wa Kibirizi

Mzee, hapo kwenye ualimu naomba tuongee ukweli. Historia na Kiswahili zina walimu mpaka mtaani. Kwa nini asisome B.A. ya Historia tupu au sosholojia, akaacha milango mingi wazi?

#6 Mwalimu Cheyo

Kijana, "milango mingi" ndiyo imewaweka watu barazani. Tuitenganishe vizuri.

B.A. yenye Elimu: miaka 3, masomo mawili ya kufundishia, pamoja na saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, upimaji, na mazoezi ya kufundisha mashuleni. Ukitoka unaajirika kama Mwalimu Daraja la III C, na tangazo linataja somo moja moja, "Mwalimu III C – Kiswahili". Siku hizi ualimu nao una usaili wa kuandika. Ni kweli nafasi nyingi zinakwenda sayansi na hesabu, hilo silipingi.

B.A. bila Elimu: Historia, Fasihi, Isimu, Falsafa, Akiolojia, Sosholojia, Siasa, Jiografia. Huwezi kuajiriwa kufundisha sekondari ya serikali kwa hiyo peke yake. Ukitaka kurudi darasani unasoma Stashahada ya Uzamili katika Elimu, Chuo Kikuu Huria wanayo. Kwa hiyo mlango wa ualimu haujafungwa, ila ufunguo wake ni ada nyingine na muda mwingine.

Ninaloshauri: kama ualimu ni namba moja au mbili kwenye orodha yako, soma yenye Elimu moja kwa moja. Kama ualimu ni "nikikosa vyote", usiuchukue. Mazoezi ya kufundisha yatakutesa, na wanafunzi wanamjua mwalimu aliyekuja kwa kukosa.

#7 Kijana wa Kibirizi

Nimekupata mwalimu. Na sosholojia?

#8 Mwalimu Cheyo

Sosholojia inaingia kwenye matangazo ya maofisa maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii, lakini usiishie kwenye jina. Afisa ustawi anashika mashauri ya watoto, matunzo, ndoa zilizovunjika, watoto waliokinzana na sheria. Kazi hiyo inataka mtu aliyefundishwa kuhoji, kuandika ripoti ya shauri na kutunza siri. Shahada ya Ustawi wa Jamii ina mafunzo hayo ndani yake. Ya sosholojia ina nadharia na utafiti zaidi. Anayejua anataka ustawi aangalie Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama au programu ya UDSM. Anayetaka maendeleo ya jamii asisahau Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru. Watu wa huku wanaijua UDSM, UDOM na SAUT tu, basi.

Uchumi: HGE wengi wanaukimbilia. Hesabu lazima ionekane mahali fulani kwenye vyeti vyako, prinsipo, BAM au kidato cha nne, inategemea chuo. Soma safu ya vigezo mpaka nukta ya mwisho. Sharti la hesabu limejificha kwenye sentensi inayoanza na "kama".

#9 Mama Mwanga

Naongeza la Kigoma. Watoto wetu wanalelewa mpakani halafu Kifaransa wanakidharau. Burundi hapo, Kongo ng'ambo ya ziwa, zote mbili zina ubalozi mdogo hapa mjini. Kambi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996. Mashirika yanayohudumia wakimbizi yanatafuta mtu wa ustawi au ulinzi wa mtoto ambaye anaongea Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na Kiha au Kirundi kama nyongeza, kwani vinasikilizana. Sosholojia yenye Kifaransa cha kuandikia ripoti ni kitu tofauti kabisa na sosholojia kavu. Kwenye vyuo vikubwa unaruhusiwa kuchukua kozi za hiari nje ya idara yako. Chukua Kifaransa hapo, usichukue kozi inayosifiwa kwamba mhadhiri wake anagawa A.

#10 Ng'wana Urambo

Mama umenena.

Mkopo sasa, wengi wanakwama kwa makaratasi kuliko alama:

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) kwenye mtandao wao. Aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa likitofautiana na la cheti cha kidato cha nne, hata herufi moja (Mussa na Musa), shughulika nalo kabla dirisha halijafunguliwa. Fomu ukishaichapa inataka saini ya serikali ya mtaa au kijiji na ya kamishna wa viapo. Kijijini Kaliua au Kakonko huyo wa viapo hayupo jirani, kwa hiyo panga safari moja ya kumaliza vyote. Ukiipakia fomu angalia kurasa zote zimo. Picha ya simu iliyokatwa pembeni mhuri hauonekani, na fomu inahesabika haijakamilika.

Pesa ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu 2022/23, na inakuja kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni 600,000. Ukilipa chumba cha miezi sita mkupuo mmoja, piga hesabu ya ugali kabla bumu (fungu la mkopo) halijaingia.

Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja utatumiwa namba ya uthibitisho. Unathibitisha kwenye akaunti ya chuo kimoja tu, kabla ya tarehe. Laini uliyojazia maombi usiigawe.

#11 Dada Gungu

Akishaingia, mwaka wa kwanza nini kinawaangusha? Tunasikia disko disko, kwamba wanaondolewa chuo kwa kufeli.

#12 Mzee wa Kwihara

Dada, kinachowaangusha watu wa sanaa ni insha ya NECTA. Mtoto amefundishwa miaka miwili: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Anaibeba chuoni ilivyo.

Chukua swali: "Dola ya Mirambo ilijengwa na biashara au na vita?" Mtu wa hoja sita ataorodhesha: ruga-ruga (askari wa Mirambo), bunduki, njia ya misafara kwenda Ujiji, uongozi bora, udhaifu wa majirani, pembe za ndovu. Kila hoja aya moja, zote uzito sawa. Sekondari anapata alama nzuri. Chuoni anapata C, maana swali limesema *au*. Linataka uchague halafu utetee.

Sasa tazama: bunduki zilikuja kwa njia gani? Kwa misafara. Misafara ilipitishwa au ilizuiwa na nani? Ruga-ruga. Kwa hiyo unaweza kutetea kwamba vita ilikuwa namna ya kushika biashara, ndiyo maana mapigano na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 yalikuwa ya njia na ushuru. Halafu unajipinga mwenyewe: mbona alipokufa 1884 dola ikadhoofika upesi wakati biashara bado ipo? Hapo umeleta jambo la tatu, kwamba ilimtegemea mtu. Hoja moja, ushahidi, pingamizi, jibu la pingamizi. Kurasa tano zimejaa bila orodha.

La pili ni kunakili. Kuna mifumo ya kompyuta ya kukamata. Kubadilisha maneno matatu katika sentensi ya mtu bila kumtaja ni kunakili vile vile.

#13 Mwalimu Cheyo

Na GPA, kwa kuwa wengi wanaanza kuijali mwaka wa tatu. Kwa skeli ya UDSM A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Unazidisha pointi kwa krediti za kozi, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya krediti. Mfano: kozi ya krediti 12 umepata A (60), ya 12 B+ (48), ya 8 B (24), ya 8 C (16). Jumla 148 gawa kwa 40, ni 3.7. Daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5. La kwanza ni 4.4.

Angalieni mambo mawili. Kozi yenye krediti nyingi ndiyo inayobeba au kuzamisha, kwa hiyo usikeshe na kozi ya krediti 8 ukaitelekeza ya 12. Na GPA inakatwa kwenye desimali moja, haikadiriwi kwenda juu: 3.48 inasomeka 3.4. Anayewaza kubaki chuoni kama mhadhiri msaidizi wa mafunzo (Tutorial Assistant) anatakiwa 3.8 kwenda juu. Hiyo haitafutwi muhula wa sita.

#14 Kijana wa Kibirizi

Kiswahili je? Naona wengi wanakwenda kwa kuwa ni "rahisi".

#15 Mwalimu Cheyo

Waende waone. Wiki za mwanzo za mofolojia unapewa neno *hawatampigia*, ulikate: ha-wa-ta-m-pig-i-a. Ukanushi, nafsi ya tatu wingi, wakati ujao, mtendwa, mzizi, kauli ya kutendea, kiishio. Rahisi? Haya, sema kwa nini nafsi ya kwanza umoja hupati *ha-ni-tampigia* bali *sitampigia*. Eleza kwa kanuni, si kwa "ndivyo tunavyosema". Kulizungumza tangu utotoni hapo hakukusaidii, tena kunakudanganya.

Lakini soko lake limepanuka. SADC walikipokea kama lugha rasmi 2019, na UNESCO wametenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tafsiri, ukalimani, kufundisha wageni: BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) wana kanzidata ya wataalamu, na mhitimu wa Kiswahili mwenye Kiingereza safi anaingia. Mwenye Kiswahili peke yake anatafsiri kutoka lugha gani?

#16 Ng'wana Urambo

Tumeruka utafiti wa mwaka wa tatu, na ndiko wengi wa huku wanakuja kufanyia nyumbani. Makosa ni yale yale.

Kibali: barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilaya au halmashauri, kata, hadi kijiji. Kila ngazi iache nakala yenye mhuri. Ukiingia kijijini na barua ya chuo tu, mtendaji atakurudisha mjini na ana haki. Kambi za wakimbizi ni njia nyingine kabisa, kibali ni cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na kinachukua muda. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye wiki chache achague mada nje ya kambi.

Sampuli: kila mtu anatumia fomula ya Yamane, idadi gawa kwa (1 + idadi × e²), e ikiwa kiwango cha makosa unachokubali. Kijiji cha kaya 480, e ya 0.05: 480 gawa kwa 2.2, ni 218. Dodoso la dakika 25 kwa watu 218 ni zaidi ya saa 90 za kuhoji, bado kutembea. Ukiweza wanane kwa siku ni siku 28. Hela ya pikipiki unayo? Kwa e ya 0.1 inakuwa 83, siku kama 11. Hiyo inafanyika, ila useme wazi kwamba kiwango chako cha makosa ni kikubwa zaidi. Na kama utafiti wako ni wa masimulizi na mahojiano ya kina, fomula hii haihusiki; mtu anahoji wazee 12 halafu anaandika Yamane ili ionekane ya kisayansi. Msimamizi ataifuta.

#17 Mama Mwanga

Na maswali yenyewe jamani. Dodoso limeandikwa Kiingereza chuoni, linatafsiriwa papo hapo kwa Kiha. Swali: "Kipato cha kaya kwa mwezi ni kiasi gani?" Mama atajibu hana, kwa sababu kipato kwake ni mshahara. Mawese, dagaa, mihogo vimeachwa nje. Uliza hivi: mwezi uliopita mliuza madumu mangapi ya mawese? Ya lita 20? Kila moja shilingi ngapi? Kisha dagaa, kisha mazao, kisha pesa alizotuma mtoto. Jumlisha wewe mwenyewe usiku.

Tafsiri ifanyike kabla, mtu mwingine airudishe Kiswahili bila kuona ya kwanza, mlinganishe. Na usihoji asubuhi wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili. Wenyeji wako shamba. Saa tisa alasiri kuendelea.

#18 Mzee wa Kwihara

Wa historia: majalada ya mkoloni yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, siyo huku. Ya Wajerumani yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata aliyesoma Kijerumani unamshinda. Ukitaka mada ya reli, ambayo ilifika Kigoma 1914, tumia majalada ya Mwingereza na wazee wa karibu na stesheni. Na ukimhoji mzee andika tarehe, mahali, umri anaoukadiria, na kama alishuhudia au alisimuliwa. Bila hivyo ni hadithi ya barazani.

#19 Dada Gungu

Nashukuru wote. La mwisho: mdogo wangu hawezi kutoka mkoani, mama anaumwa. Kuna namna?

#20 Mwalimu Cheyo

Pole sana dada, mama apone. Namna ipo. Chuo Kikuu Huria kina vituo Kigoma na Tabora, anasoma huku anamuuguza, ila ajipangie saa mwenyewe. Masomo ya huria yanawashinda watu kwa kuahirisha mitihani kuliko kwa ugumu. Tabora kuna AMUCTA, chuo kikuu kishiriki cha SAUT, asome orodha yake kwenye kitabu cha TCU. Kozi ya msingi ya Huria haimhusu, pointi 5 anazo. Hiyo ni ya waliokosa kigezo, na yenyewe inadai GPA 3.0 pamoja na pointi 1.5 za kidato cha sita kutoka masomo mawili, au diploma yenye GPA 2.0.

Akaanze na cheti cha kuzaliwa wiki hii. Jina lake la kati limeandikwaje?

#21 Dada Gungu

Cheti cha shule "Hamis", cha kuzaliwa "Hamisi".

#22 Ng'wana Urambo

Kesho asubuhi ofisi ya RITA wilayani, na nakala tatu za vyote viwili. Wamwambie kama anasahihisha cheti au anakula kiapo. Asikubali kuondoka bila kujua ni lipi kati ya hayo.